Jedwali la Skeli Halijui Kupiga Swingi

Haya wasomaji, blogu hii ni ya mambo ya programu, na leo pia ni ya mambo ya programu hata kama nitaanzia kwenye gitaa. Mliokuja kutafuta mwendelezo wa makala ya hifadhidata, subirini wiki ijayo. Leo nina neno na watengenezaji programu wenzangu, na walimu wa gitaa wa kwenye intaneti, na yeyote aliyewahi kumwambia mwanafunzi hivi: "Ukiona G7, piga skeli ya G miksolidia. Basi."

Si basi! Hiyo "basi" ndiyo iliyoniudhi.

Niseme mapema ninachodai, ili mwenye haraka asimalize bando lake bure. Nadai mambo matatu:

1. Wapigaji gitaa wa swingi wa miaka ya 1930 hawakujenga solo zao kwa skeli moja kwa kila kodi. Walizijenga kwa kodi zenyewe.

2. Njia ya jedwali la skeli imeenea kwa sababu ni rahisi kuiandikia programu. Ubora wake haukuhusika.

3. Gharama ya uvivu huo inalipwa na mwanafunzi, ambaye mwishowe anajiona hana kipaji.

Maelezo madogo kabla sijaendelea. Nikisema "kodi" humu ndani simaanishi ile ya KRA wala ile ya mwenye nyumba. Namaanisha noti kadhaa zinazolia pamoja. Na "dominanti" ni kodi ya meja iliyoongezewa noti ya saba iliyoshushwa nusu hatua: G7, C7, F7 na ndugu zake. Ni kodi isiyotulia. Ukiisikia unajua kuna mahali inataka kwenda. "Kipimo" ni kile kipande cha wimbo chenye mapigo manne.

Pia, tafadhali, neno "jazz" lisituchanganye. Huku kwetu tulilipachika kwenye majina ya bendi kama nembo ya ujanja wa mjini: Shirati Jazz, Victoria Jazz, na kule Kongo OK Jazz. Wale walipiga benga na rumba, na walizipiga vizuri sana. Leo nazungumzia swingi ya Marekani na ya Ufaransa, ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 hadi mwanzo wa 1940.

PROGRAMU YA MISTARI MINNE

Hii hapa siri kubwa ya biashara ya kufundisha solo kwenye simu. Naiweka wazi bila malipo:

noti = [C, Db, D, Eb, E, F, Gb, G, Ab, A, Bb, B]
miksolidia = [0, 2, 4, 5, 7, 9, 10]
kwa kila hatua katika miksolidia:
    andika noti[(mzizi + hatua) mod 12]

Basi, umemaliza. Mpe mzizi wa G (nafasi ya 7 ukihesabu kutoka sifuri) atakupa G, A, B, C, D, E, F. Mpe F atakupa F, G, A, Bb, C, D, Eb. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika hii kabla chai haijapoa. Ongeza picha ya shingo la gitaa, paka vile viduara rangi ya kijani, weka malipo ya kila mwezi kwa dola, na tayari wewe ni mwalimu wa jazz.

Nimewahi kulipia programu moja ya namna hii, ambayo sitaitaja. Ina skeli mia na ushee. Inang'arisha viduara. Ukigusa kiduara sahihi inakupigia makofi. Lakini muda wote nilioitumia haikuniuliza hata mara moja kama nimewahi kusikiliza rekodi yoyote ya mtu yeyote. Hebu fikiria mwalimu wa Kiswahili anayekupa orodha ya silabi zote halafu hajali kama umewahi kumsikia mtu akiongea!

Sasa sikiliza kosa la kiufundi liliko, maana hili ni jambo la wanakompyuta hasa. Jedwali linarudisha SETI. Seti haina mpangilio, haina uzito, haina muda. Solo ni mpangilio na uzito na muda mtupu. Katika ile orodha ya G miksolidia kuna noti ya C. Ipige kwenye pigo la kwanza na uing'ang'anie huku mwenzako akipiga kodi ya G7, na utasikia inavyosuguana na B iliyo ndani ya kodi. Ipige kwa kupita tu, ukielekea B, na itakuwa tamu. Noti ni ile ile, kodi ni ile ile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Kwenye programu viduara vyote saba ni vya kijani kile kile. Yaani taarifa muhimu kuliko zote, noti ipi ikae kwenye pigo lipi, ndiyo iliyotupwa nje ili msimbo uwe mfupi.

TUJARIBU KWENYE DARAJA

Nisipoonyesha mfano mtasema napiga kelele tu. Basi tuchukue "I Got Rhythm" wa George Gershwin, uliotoka mwaka wa 1930. Wanajazz waliupenda mwendo wa kodi zake wakautungia nyimbo nyingine chungu nzima. "Lester Leaps In" ya mwaka wa 1939 ni mtoto wake. "Seven Come Eleven", ambayo kikundi cha Benny Goodman kiliirekodi Novemba 1939 kikiwa na Charlie Christian kwenye gitaa, inaazima daraja lake.

Daraja ni ile sehemu ya katikati yenye vipimo 8. Ukiwa kwenye ufunguo wa Bb, kodi zake ni dominanti nne mfululizo, vipimo viwili kila moja: D7, G7, C7, F7. Hakuna kupumua. Kila moja inasukuma inayofuata.

Mtu wa jedwali anakuambia: skeli nne tofauti, noti saba kila moja. Jumla viduara 28 vya kukariri, na vinabadilika kila baada ya sekunde tatu hivi, au mbili wimbo ukiwa wa kasi. Mwanafunzi anakimbizana na viduara kama anayekimbizana na matatu iliyokwisha ondoka.

Mtu wa kodi anakuambia hivi. Katika kila dominanti kuna noti mbili zinazoipa utambulisho wake: ya tatu na ya saba. Ziweke kwenye nyuzi mbili tu, uzi wa tatu na wa nne ukihesabu kutoka ule mwembamba, na utazame namba za freti:

           D7    G7    C7    F7
uzi 3      11    10    9     8
uzi 4      10    9     8     7

Umeona? Daraja zima ni vidole viwili vinavyoteremka freti moja moja kama ngazi! Uzi wa tatu unatoa F#, F, E, Eb. Uzi wa nne unatoa C, B, Bb, A. Ile iliyokuwa ya saba ikishuka nusu hatua inakuwa ya tatu ya kodi inayofuata, na ile iliyokuwa ya tatu inakuwa ya saba. Zinabadilishana vyeo kila baada ya vipimo viwili. Piga hizo noti nane peke yake, bila kinanda wala besi, na mtu aliye jikoni atausikia wimbo ukitembea. Viduara 28 vya jedwali havina habari na jambo hili hata kidogo.

Sasa tujenge kipande cha solo juu ya msingi huo. Nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya makala hii, ni cha kawaida kabisa, noti moja kwa kila pigo:

D7:  F#  A  C  E  |  D  C#  C  A#  |
G7:  B ...

Kipimo cha kwanza ni kodi ya D7 iliyovunjwa noti moja moja kuanzia kwenye ya tatu hadi ya tisa. Kipimo cha pili kinashuka, na mwisho wake C na A# zinaizingira B, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, kama askari wawili wanaomsindikiza mshukiwa. Halafu B inaanguka kwenye pigo la kwanza la G7. Pigo lile lile ambalo kodi inabadilika, ndilo noti ya tatu inafika. Hiyo ndiyo lugha ya swingi.

Na sasa kichekesho. Peleka kipande hicho kwa programu ya viduara. Kati ya noti nane za D7, mbili (C# na A#) hazimo kwenye D miksolidia. Programu itakuwekea nyekundu. Itakuambia UMEKOSEA, kwa sababu ya noti mbili zile zile zinazofanya mstari usikike kama jazz!

WALICHOKUWA NACHO VIDOLENI

Ukikaa na rekodi za enzi ile na gitaa mapajani, mbinu zinazojirudia juu ya dominanti si nyingi. Nitaziorodhesha, kwa sababu sitaki kubomoa bila kujenga:

Ya kwanza ni kodi yenyewe, ikivunjwa, pamoja na noti ya sita na ya tisa. Charlie Christian ni mfano mkubwa hapa. Fuata solo zake kwa vidole na utaona mistari inazunguka maumbo ya kodi ambayo mpiga ridhimu yeyote anayajua. Mkono unakaa kwenye umbo, noti zinachomoka humo humo. Hahitaji kuruka kwenda kwenye "pozi namba tano" ya skeli yoyote.

Ya pili ni kodi ya maina yenye sita, ikiwekwa juu ya dominanti. Juu ya G7 piga D maina sita: D, F, A, B. Zihesabu ukianzia G na utaona ni ya tano, ya saba, ya tisa na ya tatu. Ni G tisa iliyoachwa mzizi wake, na mzizi wenyewe mpiga besi anao tayari, kwa nini umfanyie kazi? Kwenye daraja letu basi: A maina sita juu ya D7, D maina sita juu ya G7, G maina sita juu ya C7, C maina sita juu ya F7. Umbo moja la mkono, sehemu nne.

Ya tatu ni diminishi. Anzia kwenye ya tatu ya dominanti, panda kwa hatua za freti tatu tatu. Juu ya G7 unapata B, D, F, Ab. Hiyo Ab haimo kwenye jedwali, lakini ndiyo inayoongeza pilipili kabla hujatua C. Na kwa kuwa kodi hii inajirudia kila baada ya freti tatu, unaweza kulisukuma umbo lile lile juu ya shingo na bado uko ndani. Wanahisabati watafurahi: kodi za namna hii ziko tatu tu duniani, nyingine zote ni zile zile zikianzia mahali tofauti.

Ya nne ni ogumenti. G, B, D#. Ile D# inapanda nusu hatua kwenda E unapotua kwenye C. Umbo lake linajirudia kila baada ya freti nne.

Ya tano ni noti za jirani, yaani kuiendea noti ya kodi kutoka freti ya chini yake au ya juu yake. Hii ndiyo iliyotufanyia ule mchezo wa C, A#, B hapo juu. Bluzi nzima imejaa hii: kuteleza kutoka ya tatu ndogo kwenda ya tatu kubwa.

Tano tu, na zote zinaanzia kwenye kodi. Mwanafunzi mwenye kodi kumi vidoleni tayari ana nusu ya mali, ila hajaambiwa.

DJANGO NA VIDOLE VIWILI

Tumtazame Django Reinhardt, maana watu wanapenda kumtaja kama muujiza halafu wanakataa kujifunza kutoka kwake. Alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1910, akakulia Ufaransa katika jamii ya Waromani. Mwaka wa 1928 gari lao la kuishi liliungua, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na kidogo, vikaharibika. Mwaka wa 1934 alikuwa Paris akiunda Quintette du Hot Club de France pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli. Hakuwa msomaji wa noti.

Sasa chukua mchoro wa skeli wa siku hizi, ule wa noti tatu kwa kila uzi, unaodai kidole kidogo kila mahali. Mtu huyu angeufanyia nini? Mistari yake ya solo aliiendesha kwa vidole viwili, na maumbo ya diminishi na kodi zilizovunjwa yanakubali hilo: unapanda wima juu ya shingo, unateleza, unahama na umbo lako. Sisemi aliwaza kwa namba za freti kama mimi. Nasema chochote alichokuwa akiwaza, hakikuwa jedwali la viduara. Usione vyaelea, ndugu yangu, vimeundwa. Na viliundwa kwa kusikia na kwa maumbo ya kodi.

Kabla yake kule Marekani kulikuwa na Eddie Lang na Lonnie Johnson, ambao mwaka wa 1928 na 1929 walirekodi vipande vya magitaa mawili ambavyo mpaka leo ni shule tosha. Msikilize Johnson akipiga solo huku Lang akibadilisha kodi chini yake. Unaisikia solo ikizijibu kodi, neno kwa neno.

SOMA CHANZO

Sisi waandishi wa programu tuna methali yetu: maelezo yakipingana na msimbo, amini msimbo. Kwenye swingi, msimbo chanzo ni rekodi. Jedwali la skeli ni maelezo yaliyoandikwa baadaye na watu wengine, kwa ajili ya kazi nyingine.

Tazama tarehe. Charlie Christian alizaliwa Texas mwaka wa 1916, akakulia Oklahoma City. Alijiunga na Benny Goodman Agosti 1939. Gitaa alilolipatia sifa, Gibson ES-150, lilikuwa limeingia sokoni mwaka wa 1936 tu. Mwaka wa 1941 mwanafunzi mmoja, Jerry Newman, alikwenda na mtambo wake wa kurekodi kwenye klabu ya Minton's Playhouse, Harlem, akamnasa Christian akipiga solo ndefu usiku na wenzake, mbali na zile dakika tatu za santuri. Tarehe 2 Machi 1942 Christian akafa kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 25. Umri huo mimi nimeshaupita, na bado nahangaika na daraja la vipimo 8.

Kitabu cha George Russell, kilichofungua mlango wa kuioanisha kila kodi na skeli yake, kilitoka mwaka wa 1953. Miaka 11 baada ya kaburi la Christian. "Kind of Blue" ya Miles Davis ni ya 1959, na huko kodi moja inakaa vipimo vingi, kwa hiyo kufikiri kwa skeli kunaleta maana kabisa. Simgombezi Russell wala Davis. Walikuwa wakitatua tatizo lao. Ninaowagombeza ni wale waliochukua zana ya 1959 wakairudisha nyuma hadi 1939 na kusema, "Hivi ndivyo Christian alivyofikiri." Huo ni uongo, hata ukipakwa kijani.

Na si uongo mdogo. Hawa walikuwa kwa sehemu kubwa vijana Weusi wa Marekani, na Mromani mmoja wa Ulaya, waliojenga elimu nzima kwa masikio, kwenye klabu na mabasi ya bendi, bila mtu kuwapa cheti. Kijana wa Oklahoma hakuacha kitabu cha kufundishia. Aliacha rekodi za chini ya miaka mitatu tu za kazi kubwa. Ukimwondolea mwanafunzi rekodi hizo na kumpa jedwali, umefuta jina la mwandishi kwenye faili na kuweka la kwako. Kwenye kazi yetu tuna leseni zinazokataza mchezo huo.

"LAKINI..."

Najua mtasema nini, kwa hiyo nijibu mapema.

"Lakini skeli zinasaidia kuijua shingo ya gitaa." Kweli. Na alfabeti inasaidia kusoma. Jifunze skeli ya meja, ijue, halafu usije ukaniambia kwamba kukariri alfabeti ni kuandika shairi.

"Lakini noti za kodi zimo ndani ya skeli, kwa hiyo ni kitu kile kile." Hapana. Chumvi imo ndani ya bahari. Mpishi haendi baharini na sufuria.

"Lakini Christian na Django walikuwa na vipaji vya ajabu, sisi wengine tunahitaji njia rahisi." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Njia yao NDIYO rahisi! Noti mbili zinazoshuka freti moja moja, au viduara 28, ipi ni rahisi? Tumemuuzia mwanafunzi njia ngumu kwa kisingizio cha kumrahisishia.

"Lakini siku hizi kuna akili mnemba inayotunga solo." Ipo, na itazidi kuwepo. Inaweza kukutungia solo kama inavyoweza kukutungia barua ya kuomba kazi. Swali langu ni lile lile: wewe, ukikaa na wenzako na mtu akasema "daraja, Bb, moja mbili tatu nne", utapiga nini?

ANAYELIPA

Kuna kijana wa hapa mtaani kwetu, sitamtaja. Ana gitaa lililonunuliwa kwa shida na mama yake. Kwa muda wa miezi sita alikariri modi zote saba kutoka kwenye simu, kwenye funguo zote kumi na mbili. Anaweza kukutajia noti za Ab miksolidia ukimwamsha usiku wa manane. Akaenda kupiga na bendi ndogo, wakaanzisha wimbo wenye daraja hili hili, akakwama. Si kwamba alipiga noti mbaya. Noti zake zote zilikuwa za kijani. Ila hazikuwa zikisema kitu, na yeye alikuwa wa kwanza kulisikia hilo.

Alichohitimisha ni kwamba hana sikio. Akaanza kuulizia bei ya kuliuza gitaa.

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, wasomaji. Programu ikigoma, tunasema programu ina hitilafu. Elimu ikigoma, tunasema mwanafunzi ana hitilafu. Sikio analo! Bila sikio angejuaje kwamba solo yake haisemi kitu? Nilimwonyesha zile nyuzi mbili na freti nne. Ilichukua kama dakika kumi. Gitaa bado analo.

Je, ni wangapi ambao hawakupata jirani wa kuwaonyesha?

Na hapa Afrika Mashariki tunapaswa kuona aibu zaidi ya wengine, kwa sababu tunayo shule ya masikio nyumbani. Gitaa la solo la benga lilikua kwa kusikiliza nyatiti na sauti ya mwimbaji, na likapitishwa kwa kukaa karibu na mwenye kujua na kumkodolea macho vidole. Sijaona mpiga benga mzuri aliyeanza na jedwali. Halafu kijana huyo huyo akitaka swingi, tunamwambia aweke masikio kando achukue chati. Kwa nini?

WITO KWA WATENGENEZAJI WENZANGU

Acheni kuandika vizalisha skeli. Viko vya kutosha. Kama mna jioni za bure, andikeni hiki:

- Programu inayokata vipimo vinne vya rekodi, inavirudia, na kupunguza kasi bila kushusha sauti. Kazi hiyo ya kupunguza kasi si ngeni, Audacity inaifanya bure kabisa.
- Inayomlazimisha mwanafunzi AIMBE kipande kabla ya kuonyeshwa freti yoyote.
- Inayopaka rangi noti kulingana na pigo iliyoangukia, ili aone kwamba ya tatu imetua kwenye mabadiliko ya kodi, na kwamba ile "nyekundu" ilikuwa ikielekea mahali.
- Inayoandika jina la mpigaji, mwaka wa rekodi na wenzake aliopiga nao, juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Ni vigumu kuliko mistari minne ya mod 12? Ndiyo. Ndiyo maana haijaandikwa na kila mtu.

Na wewe mwanafunzi, usitusubiri. Wiki hii chukua "Sweet Georgia Brown", wimbo wa 1925. Kwenye ufunguo wa Ab unakupa F7 vipimo vinne, Bb7 vinne, Eb7 vinne, halafu unafika nyumbani Ab. Dominanti tatu ndefu, muda tele wa kufikiri. Siku ya kwanza piga noti za utambulisho tu: A, kisha Ab, kisha G kwenye uzi mmoja, Eb, kisha D, kisha Db, na utue C kwenye mwingine. Siku ya pili vunja kodi. Siku ya tatu weka zile maina zenye sita: C maina sita juu ya F7, F maina sita juu ya Bb7, Bb maina sita juu ya Eb7. Siku ya nne zingira noti za tatu kwa jirani zake. Siku ya tano na ya sita usiguse gitaa, sikiliza tu na uimbe vipimo vinne vya Christian mpaka watu wa nyumbani wakuchoke. Siku ya saba vitafute kwenye shingo mwenyewe.

Katika wiki hiyo hutahitaji kiduara cha kijani hata kimoja. Ukivihitaji, msimbo nimekuwekea pale juu, mistari minne, bure. Usimlipe mtu dola kwa ajili yake.

Maoni yako wazi hapo chini. Hoja nitazijibu, matusi nitayafuta. Hifadhidata wiki ijayo, nimeahidi.